Kitanda cha Zamu

Maiti ya fundi rangi ilikuwa chali sakafuni, imefunikwa koti la kazi lenye madoa ya rangi.

Inspekta aliingia kwa ubavu. Kilikuwa kipande cha korido kilichozibwa kwa mbao, mwenye nyumba akakipa namba na kukiita chumba. Ukitaka kugeuka, ilibidi utoke nje kwanza. Kitanda kimoja chembamba kilimeza karibu nafasi yote.

"Nani aliyemkuta?"

"Mimi, afande," alisema mwanamume mlangoni. Alikuwa mwokaji mikate, mume wa dada wa marehemu. "Nimerudi kutoka kazini sasa hivi, nikamkuta shemeji yuko chini, hapumui. Homa imemzidi."

"Mnalala wapi wote wawili?"

"Hapo hapo. Yeye usiku, mimi mchana. Naoka usiku kucha, yeye akiamka najilaza."

"Na alipougua?"

"Nilijibanza tu." Alitazama pembeni.

Inspekta alimwangalia usoni. Shavu la mwokaji lilikuwa na mikunjo, ile anayoamka nayo mtu aliyelala fofofo.

Jirani, mama wa chumba cha pili, alikuwa akilia kimyakimya.

"Jana nilimfulia shuka na foronya, zimelowa jasho. Leo asubuhi nimemtandikia mimi mwenyewe. Akacheka, akasema ana nafuu." Akajifuta macho. "Kijana wa watu. Alikuwa anapaka rangi yale maghorofa ya ng'ambo. Yamekwisha siku nyingi, hayana mtu. Kodi ya huko nani ataiweza?"

Inspekta aligeuza mto. Foronya ya bluu, iliyofuliwa jana, ilikuwa na unga wa ngano pande zote mbili. Shuka nalo lilikuwa na unga, kuanzia kichwani hadi miguuni.

Daktari wa polisi alipiga magoti, akamulika tochi puani mwa marehemu.

"Unga upo na humu," alisema. "Midomo imechubuka kwa ndani. Hii siyo homa. Amezibwa pumzi."

Kituoni, mwokaji hakukana kwa muda mrefu.

"Umesema ulikuwa umerudi sasa hivi," Inspekta alisema. "Shavu lako lilikuwa na alama za mto."

Mwokaji akajipapasa shavu.

"Ulimchukia?"

"Shemeji? Mimi ndiye niliyemleta mjini. Tulipanga tupate chumba cha maana, tumlete dada yake na watoto. Kila tukikaribia, kodi inapanda." Alisugua macho. "Tangu augue nalala nimeketi mlangoni. Jana nilisinzia kwenye mashine ya kukandia, nusura inile mkono. Msimamizi akasema nikirudia, nisije tena. Leo nikamwambia, shemeji, nipishe kidogo. Akasema nisubiri, anasikia kizunguzungu. Akaendelea kulalamika. Nikamwekea mto usoni anyamaze."

"Ulijua unamuua?"

"Alipoacha kurusha miguu, nilijua. Sikuutoa."

"Halafu?"

"Nikamshusha chini. Nikamfunika koti."

"Halafu?"

Mwokaji aliinamisha kichwa. Aibu ilimzidi hata akashindwa kulia.

"Nikalala, afande. Sijapata usingizi kama ule tangu nije mjini."

Simu yake, iliyokuwa mezani pamoja na vielelezo, ikaanza kuita. Aliitazama bila kuigusa.

"Ni mke wangu," alisema. "Hupiga kila siku saa hizi, kuuliza kama mdogo wake amepata nafuu."

Inspekta aliichukua, akapokea.