Ulimi wa Marehemu

Daktari wa meno hakuwa mtu wa kukumbuka sura. Miaka kumi na tisa ya kuchungulia vinywa ilimfundisha kwamba nyuso hufanana, ndimi hazifanani. Upo ulimi mpana unaojaa mdomo mzima, upo uliochongoka, upo wenye mifereji, upo uliofungwa chini na udata, ule utando wa chini ya ulimi, na upo wenye mabaka mekundu yanayohama, leo hapa kesho pale, yakimtia mwenyewe kiwewe bure. Wote aliwaambia neno moja: "Ni maumbile tu. Nenda kale."

Asubuhi hiyo fundi cherehani alifunua ulimi mwembamba, laini, usio na lolote. Daktari akamchoma sindano ya ganzi kwa ajili ya gego la chini, akangoja, akarudi na koleo. Akakuta ulimi mwingine. Ulikuwa na mfereji mrefu katikati, baka jekundu ubavuni, na upande wa kushoto kovu la mtu aliyejing'ata siku alipoanguka na baiskeli. Ulikuwa ulimi wa mumewe, na mumewe alikuwa na miezi mitano kaburini.

Hakupiga kelele. Tangu mazishi hakuwa amelia hata mara moja. Watu walimsifu kwa subira, naye hakuwaambia kwamba ndani hamkuwa na uchungu wowote wa kuvumilia. Aling'oa gego. Chumba kikanuka udongo mbichi, na kinywa cha fundi, huku macho yake yakimtoka kwa hofu, kikasema kwa sauti nzito ya marehemu, "Pole na kazi, Mama Koleo."

Utani huo haukuwahi kutoka nje ya chumba chao cha kulala.

Fundi aliondoka mbio, pamba mdomoni. Muuguzi, ambaye ni wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa ameganda na sinia la vyombo mkononi.

"Wifi, umesikia?" alinong'ona. "Ni kaka yule!"

"Nimesikia. Ganzi ikiisha ataondoka," daktari alijibu, akanawa mikono.

Basi akaanza kuchoma ganzi wasiohitaji. Mwalimu aliyekuja kusafishwa meno alichomwa. Mpishi aliyekuja kuuliza tu kama jino lake limetoboka alichomwa pia. Kila mara ulimi ulibadilika, harufu ikaja, na sauti ikauliza jambo lile lile: "Binti yangu hajambo? Mlete nimwone." Na kila iliposema, kitu kidogo kilimtekenya daktari kifuani. Kilikuwa kidogo sana, lakini ndicho pekee alichokihisi tangu msiba.

Siku moja akaja mama mmoja mnene, mganga wa kupunga majini, shavu limemvimba. Kukaa kitini tu, akashtuka, akatega sikio kama aliyesikia mtu akisema.

"Usinichome," alisema. "Ng'oa hivi hivi."

"Utaumia, mama."

"Bora niumie."

Aking'olewa hakutoa hata mguno. Alitema damu, akamvuta daktari karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyo si mumeo. Jini halina ulimi, huazima ule usiohisiwa na mwenyewe, na sauti hutwaa ya yule unayemlilia moyoni. Acha ganzi siku saba, litakufa njaa. Na huyo mtoto linayemuulizia asikanyage hapa. Mtu mzima humwachia ganzi ikiisha. Mtoto halimwachii."

Wifi, aliyeyasikia hayo, alizifungia chupa zote za ganzi kabatini, ufunguo akautia kifuani. Daktari hakumwambia kwamba alikuwa na sindano moja iliyojaa, mfukoni mwa koti.

Siku ya saba mchana, wifi alipokwenda kula, daktari alikaa kitini mwenyewe, akashika kioo, akajichoma nusu ya dawa, na saa ya kumchukua binti yake shuleni ikampita akiutazama ulimi wake ukipasuka mfereji taratibu, ukiota baka, ukiota kovu, huku harufu ya udongo ikipanda kutoka kooni mwake mwenyewe, nayo sauti, ambayo siku zote ilikuwa na haraka, safari hii ikakaa kimya, ikingoja.

Mlango ukafunguliwa.

"Mama, mbona hukuja?" Binti alisimama na mkoba wake mgongoni. "Nimetembea peke yangu."

Daktari alitaka kumwambia kimbia. Kinywa chake kikasema, kwa sauti ya marehemu na kwa upole aliokuwa ameusahau, "Njoo, mwanangu. Njoo ukae kwa baba."

Mtoto aliyekuwa akilala na shati la baba yake kwa miezi mitano aliuachia mkoba ukaanguka, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Mikono bado ilikuwa ya daktari. Angeweza kujiziba mdomo, angeweza kuitupa sindano yenye nusu iliyobaki, angeweza kumsukuma mtoto nje akafunga mlango, na yote hayo aliyajua waziwazi, kama mtu anayesoma maandishi ukutani, akaitafuta ndani yake ile hofu ambayo mama yeyote angeikuta bila kuitafuta, akapapasa huku, akapapasa kule, asiikute.

Akateremka kitini na sindano mkononi, akampisha binti yake akae.