Kopo la Sukari na Vidonge vya Rangi Mbili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mektilda alikuwa na kazi ya kwenda kuangalia jiwe. Usicheke. Miaka ile ya themanini bidhaa ziliadimika nchi nzima, na pale Babati sukari ilikuwa ikisimuliwa zaidi kuliko kuonekana. Watu walipochoka kusimama foleni mbele ya duka la ushirika, waliacha mawe yawasimamie. Jiwe la akina Mektilda lilikuwa jeupe, lenye pembe, na baba yake alikuwa ameliokota kwenye miteremko ya mlima Kwaraa.

"Shikamoo, Mzee Shomari. Leo ipo?" Mektilda aliuliza.

"Marahaba, mwanangu," muuza duka alijibu. "Leo lipo jiwe lako tu."

Basi Mektilda alilisogeza jiwe mbele kidogo na kukimbia shuleni. Nyumbani kwao, kijijini Singe, kopo la sukari lilikaa kwenye rafu ya jikoni likiwa tupu tangu mavuno. Mama yake, Kandida, alilipangusa vumbi kila Jumamosi, kama mtu anayemtandikia mgeni asiyejulikana atafika lini.

Wakati huo ndipo Teodori, mdogo wake Mektilda mwenye umri wa miaka tisa, alipoanza kuumwa. Godoro lake lilikuwa limechakaa na madukani hakukuwa na jingine, kwa hiyo alikuwa akilala kwenye ngozi ya ng'ombe, juu ya sakafu ya udongo iliyojaa nyufa. Homa ilimpanda, kichwa kikamgonga, viungo vikamuuma. Wazazi wakadhani ni malaria, wakampa klorokwini. Haikusaidia. Baba yake, Anselmi, alimpakia kwenye baiskeli akampeleka zahanati.

Mganga wa zahanati aliitwa Egidius, na watu wote walimwita daktari. Alimtoboa Teodori kidole, akaitazama damu yake kwenye hadubini, akatikisa kichwa.

"Hii si malaria, Baba Mektilda. Ni homa ya papasi. Papasi ni wadudu wanaojificha kwenye nyufa za sakafu. Mtoto akilala, wanatoka kumnyonya damu, na wakimuuma wanamwachia vijidudu vya homa." Akahesabu vidonge vya rangi mbili, vyekundu upande mmoja na vya njano upande wa pili. "Apewe asubuhi na jioni mpaka viishe. Msishangae akitetemeka kidogo."

Mlangoni foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu, na daktari alikuwa ameshaita mwingine.

Kidogo! Neno hilo lilikuja kuwatesa. Baba alimpa Teodori dawa ya kwanza mchana ule ule. Haukupita muda mrefu, mtoto akaanza kulalamika baridi, ilhali jua lilikuwa kali hata kuku wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta. Meno yakaanza kugongana. Kisha mwili mzima ukashikwa. Kitanda cha kamba cha baba, alicholazwa Teodori, kiligonga ukuta mpaka udongo ukapukutika. Mektilda alisimama mlangoni amepigwa na butwaa. Hakujua kwamba mwili mdogo kama ule ungeweza kuwa na nguvu kubwa kiasi kile, na hakujua nguvu hiyo ilitoka wapi. Baada ya mtetemeko likaja joto. Mama alimgusa paji la uso, akaurudisha mkono haraka. Halafu jasho likamtoka Teodori, likalowesha shuka lote, na jioni akalala kimya kama mtoto mchanga.

"Baba Mektilda," mama alinong'ona, "hii ni dawa au sumu?"

"Daktari amesema tuendelee," baba alijibu, lakini hakumtazama mkewe usoni.

Hapo ndipo walipoanza kudanganyana, tena kwa mapenzi. Zamu ya asubuhi ilikuwa ya baba, wakati mama akikamua ng'ombe. Baba alivitia vidonge mfukoni mwa koti lake la kanisani, akamwambia Teodori, "Usimwambie mama yako, ataogopa." Zamu ya jioni ilikuwa ya mama. Naye alivificha vyake, akasema, "Usimwambie baba yako, atakasirika." Teodori, ambaye hakuwa na hamu ya kutetemeshwa tena, aliwatunzia wote wawili siri zao kwa uaminifu mkubwa.

Na ajabu ni kwamba homa ilikwisha! Teodori akarudi kucheza mpira wa matambara. Baba alipiga mluzi akienda shambani, akijiona amemwokoa mwanawe. Mama alishukuru kanisani huku akiwaza jambo hilo hilo.

Siku moja Mektilda alibaki peke yake jikoni. Alipatwa na ile tamaa ambayo kila mtoto wa miaka ile aliijua. Alishusha kopo la sukari na kuchovya kidole, huenda chembe moja ilisahaulika pembeni. Kidole kiligusa kitu laini. Alichungulia, akaona vidonge vya rangi mbili.

Moyo wake ulishtuka, kisha, kusema kweli, ukatulia. Hata yeye hakutaka kukiona tena kitanda kile kikigonga ukuta. Isitoshe, mtoto atamshtakije mama yake? Alilifunika kopo na kulirudisha mahali pake.

Jumapili iliyofuata alipewa koti la baba alinyooshe kwa pasi ya mkaa. Alipofika mfukoni, pasi ilinata. Doa lenye wekundu na njano lilitokeza kwenye kitambaa, na harufu kali ikampanda puani. Mektilda aliganda akingoja kugombezwa. Baba alikuja, akaliona doa, akageuka rangi.

"Peremende tu hiyo," alisema upesi. "Imeyeyuka. Usijali." Na mama alipouliza habari za doa lile, alijibiwa hivyo hivyo.

Mektilda alinyamaza tena. Sasa alikuwa amebeba siri mbili, na zote zilikuwa nzito kuliko umri wake.

Homa ilirudi siku wanapura mbaazi. Teodori aliangusha fimbo, akakaa chini, na kabla ya mchana alikuwa akiongea maneno yasiyoeleweka. Baba alivaa lile koti lake, maana hakuwa na jingine la kuendea mbele ya watu, wakaondoka wote kwenda zahanati. Mektilda alikuwa wa mwisho kutoka. Alikuwa amepitia jikoni, na kwenye ncha ya khanga yake palikuwa na fundo dogo.

Daktari Egidius aliitazama tena damu ya Teodori. Uso wake ulikunjamana.

"Dawa alimaliza?"

"Alimaliza," baba alisema.

"Za jioni nilimpa kwa mkono wangu," mama aliongeza.

Daktari aliweka kalamu chini. "Basi dawa imeshindwa, na hapa sina nyingine. Itabidi aende hospitali kubwa, Arusha. Gari letu limesimama, hakuna dizeli. Mtafute lori lolote linaloelekea huko. Lakini sitawaficha, katika hali hii sijui kama ataihimili ile barabara."

Mama alishika ukuta. Teodori alikuwa amelala kwenye benchi, midomo imekauka, macho nusu wazi. Mektilda alimtazama, akaona kwamba akiendelea kunyamaza huenda mdogo wake akafia ndani ya lori, juu ya magunia ya mahindi ya watu. Alifungua fundo.

"Hakumeza," alisema.

"Mektilda!" mama aling'aka.

"Nisamehe, Mama. Nilivikuta kwenye kopo la sukari." Akaviweka vidonge mezani mbele ya daktari.

Baba alimgeukia mkewe, sauti imepanda. "Mama Mektilda! Umemficha mtoto dawa?"

Macho ya mama yalishuka taratibu kutoka usoni pa mumewe mpaka kwenye mfuko wa koti.

"Na hiyo peremende, Baba Mektilda? Babati nzima haina sukari. Peremende uliitoa wapi?"

Baba aliufunika mfuko kwa kiganja. Daktari Egidius aligeukia dirishani ghafla na mabega yake yakatikisika kidogo. Lakini alipowageukia tena, hakuwa anacheka.

"Kwa nini?" aliuliza kwa upole.

"Niliona inamuua," baba alisema. Mektilda hakuwahi kumwona baba yake akilia. Siku ile alimwona.

"Nusu ya kosa ni langu," daktari alisema. "Niliwaambia 'kidogo' kwa sababu foleni ilinizidi. Ilinipasa niwaeleze. Njooni muone. Wewe binti uliyesema kweli, anza."

Hadubini ilikuwa karibu na dirisha, na kioo chake kidogo kilikuwa kimegeuzwa kulinasa jua. Mektilda aliinama. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaona viduara vingi vimebanana kama dengu kwenye ungo. Na katikati ya viduara hivyo kulikuwa na vitu vyembamba kama nyuzi, vimejiviringa, vinajipinda na kujinyoosha, vinavisukuma viduara huku na huko. Vilikuwa hai!

"Hivi vimo ndani ya Teodori?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vimo ndani yake, sasa hivi tunavyoongea."

Nywele zilimsisimka. Tone moja dogo, lisilotosha hata kulowesha ukucha, na ndani yake mna vurugu yote ile!

Wazazi walitazama kwa zamu. Daktari akaendelea, "Dawa ikiwapiga hawa, wanakufa wengi kwa wakati mmoja, na sumu yao inamwagika kwenye damu. Mwili unashtuka, unatetemeka, unachemka. Halafu unatulia. Siku ile mliyoogopa, alikuwa anapona mbele ya macho yenu. Ila wachache walibaki wamejificha mwilini, wakangoja, na mlipoacha dawa wakazaana upya."

Mama alijifunika uso kwa khanga.

"Leo tutaanza tena, na atatetemeka tena," daktari alisema. "Lakini safari hii atatetemekea hapa, nami nipo."

Teodori alimezeshwa dawa, na wote wakakaa kumzunguka. Mtetemeko ulikuja kama ulivyoahidiwa. Benchi liligonga sakafu. Baba alimshika mabega, mama akamkanda kwa kitambaa cha maji, na Mektilda akamnywesha maji kwa kijiko kila alipotulia kidogo. Daktari alikuja kila mara kumpima mapigo ya moyo.

"Wanakufa, mwanangu," mama alirudia rudia. "Wanakufa hao, vumilia."

Mektilda aliogopa, tena sana. Lakini sasa alijua anachokitazama, na ndani ya hofu ile kulikuwa na mshangao mkubwa, wa aina inayomfanya mtu anong'one hata kama hakuna aliyemkataza kusema. Ndani ya mdogo wake, mchezaji wa mpira wa matambara, maelfu ya viumbe wale walikuwa wakiangamia, na mwili wake ulikuwa ukistahimili yote hayo.

Jasho lilipomtoka na pumzi yake ikatulia, jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi. Daktari alichukua tone jingine la damu. Mektilda aliinama. Aliziona dengu zile zile. Akatafuta nyuzi kushoto, akatafuta kulia. Hakuona hata moja. Viduara vilikuwa vimetulia, havisukumwi na kitu.

"Hawapo," alisema. "Baba, hawapo!"

Baba alivua kofia yake kabla ya kuinama, kama afanyavyo mlangoni mwa kanisa. Alitazama kwa muda mrefu. "Mchana walikuwa wamejaa," alisema hatimaye. "Mungu wangu, mchana huu huu!" Mama alitazama wa mwisho. Alikwenda kwenye benchi akapitisha mkono kwenye nywele za mwanawe zilizolowa.

Waliporudi nyumbani, ngozi ilichomwa, nyufa za sakafu zikazibwa kwa udongo mpya, na baba akamtengenezea Teodori kitanda chake cha kamba. Vidonge vilivyobaki viliwekwa ndani ya kopo la sukari, na kopo likawekwa katikati ya meza, bila kifuniko, kila mtu aone.

Kabla dawa haijaisha, lile jiwe jeupe lilifika mbele ya foleni, na Mektilda akaja mbio na sukari kwenye karatasi. Alilinyakua kopo ili aimimine. Mama alimzuia.

"Weka kwenye bakuli. Kopo hili bado lina kazi."

Jioni ile walikunywa uji wenye sukari. Baba alimtazama Mektilda juu ya kikombe chake.

"Siku ile ulituaibisha mbele ya daktari," alisema.

Mektilda aliinamisha kichwa.

"Inua uso, binti yangu. Kwa sababu ya aibu ile, mdogo wako yupo hapa anakunywa uji. Kuogopa si kosa. Mimi na mama yako tuliogopa, na tungekuwa wazazi wa ajabu kama tusingeogopa. Kosa letu ni kwamba kila mmoja alificha hofu yake. Kama ningerudi kwa daktari nikasema, 'Naogopa, nieleze,' angenieleza, na Teodori asingeumwa mara ya pili. Nanyi sikilizeni. Dawa ikiwatisha, mwambieni aliyewapa, msiitupe wala kuificha. Na mkijua jambo linalogusa uhai wa mtu, lisemeni, hata kama linamhusu baba yenu."

Kisha baba akatoa kidonge ndani ya kopo, akampa Teodori mbele ya wote. Teodori alimeza, akaachama kinywa na kuinua ulimi. Baba na mama wakainama pamoja, vichwa vikigusana, wakachungulia humo kwa makini kama walivyochungulia ile hadubini.