Mkate Ulionuka Petroli

Kengele alikuwa msambazaji wa mikate. Jioni aliichukua mikate bekari, akailaza sebuleni kwake, na asubuhi mapema akaipeleka madukani kwa pikipiki. Kwenye usukani alifunga kengele ya shaba. Ndiyo iliyompa jina, na jina alilopewa na baba yake likasahaulika.

Kazi hiyo ililisha familia kwa miaka minane. Kisha petroli ikapanda bei. Ikapanda tena, na tena. Jasho likawa lile lile, lakini faida yote ikamezwa na tangi.

"Baba watoto," mkewe alimuuliza, "unawafanyia kazi watoto wako au unaifanyia kazi pikipiki?"

Kengele alijua jibu. Mambo yakiendelea vile, angelazimika kuiuza pikipiki. Na bila pikipiki hakuwa na kazi.

Mtaani kwao kulikuwa na kituo kimoja tu cha mafuta. Mwenyewe aliitwa Tajiri, na hakuwa mtu wa haya. Bei ikitangazwa kupanda, aliipandisha siku hiyo hiyo, hata kama mafuta yake aliyanunua kwa bei ya zamani. Bei ikitangazwa kushuka, alisema, "Subirini kwanza mzigo wa zamani uishe." Ajabu ni kwamba mzigo huo haukuwahi kuisha upesi.

Wasambazaji wote saba wa bekari ile walikutana kulizungumza jambo hilo.

"Tumkomoe!" alisema mmoja wao, aliyeitwa Mrefu. "Ijumaa asinunue mtu. Hata tone!"

"Hata tone!" wote wakaitikia.

Umoja ni nguvu, kweli. Lakini mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, hata wakiwa wapigaji saba.

Alhamisi jioni kituoni kwa Tajiri kulikuwa na foleni ndefu. Kila mmoja alitaka mafuta ya kumvusha Ijumaa. Kengele alijaza tangi mpaka pomoni, kisha akajaza madumu mawili ya plastiki. Aliyaficha sebuleni nyuma ya mlango, kando ya kreti za mikate.

"Nyumba nzima inanuka," mkewe alilalamika.

"Ni usiku mmoja tu. Vumilia, mama."

Ijumaa asubuhi Kengele alipita mbele ya kituo. Hakukuwa na mteja hata mmoja. Akapiga kengele mara tatu kwa dharau, akaenda zake akicheka. Kicheko kiliishia kwenye duka la kwanza.

Mwenye duka, mama wa makamo, aliinua mkate, akaunusa, akaurudisha.

"Mwanangu, huu ni mkate au ni utambi wa taa?"

Duka la pili wakamrudishia. La tatu wakamfukuza. Mikate yote ilikuwa imelala na petroli na kuivuta harufu yake. Bekari nayo haikupokea mikate iliyorudi. Kengele aliimwaga yote jalalani kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna aliyemcheka, jambo lililomuuma zaidi. Siku hiyo alipoteza maduka matatu.

Jumamosi Tajiri akapandisha bei tena.

Jioni ile jirani yao alikuja kuwapa pole. Alikuwa mhudumu wa pampu kituoni kwa Tajiri, na watoto walimwita Dada Pampu. Alipofika mlangoni alisimama ghafla.

"Shemeji, kuna moto humu ndani?"

"Chai iko jikoni."

Alikwenda moja kwa moja kuzima jiko. Akafungua milango na madirisha, kisha akalibeba dumu lililobaki hadi uani, mbali na nyumba.

"Mnataka kufa?" aliuliza kwa hasira. "Mvuke wa petroli hamuuoni. Unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto, hata ukiwa chumba kingine. Na hili ni dumu la maji! Mtoto akishikwa na kiu je? Petroli haikai nyumbani, shemeji. Inakaa kwenye tangi."

Kengele aliinamisha kichwa. "Tulitaka kumkomoa bosi wako."

"Mlimtajirisha. Alhamisi tuliuza mafuta ya siku mbili. Alifurahi mpaka akatununulia soda. Ijumaa akalala. Kununua jana ili usinunue leo si kususia. Ni kuwahi foleni tu."

"Sasa tufanyeje?" mke wa Kengele aliuliza.

"Kwanza tumieni mafuta kidogo. Mimi nawaona nikiwa pale kituoni. Wewe unapanda mtaa wa juu, Mrefu anapanda mtaa wa juu. Kisha wote wawili mnashuka bondeni. Mnapishana kama siafu! Kwa nini?"

"Kila mtu ana wateja wake," alisema Kengele.

"Hao wateja wako wanakunywea petroli. Gawaneni mitaa. Ya karibu ipelekewe mkate kwa toroli. Halafu msisusie siku moja. Susieni kituo kimoja, mpaka kieleweke. Mkiishiwa, mkajaze barabara kuu. Mwandikieni Tajiri sharti moja tu: bei ikitangazwa kushuka, ishuke siku hiyo hiyo. Msitukane, msimzuie mtu, msirushe jiwe. Akitimiza, mrudi."

"Na wewe?" mke wa Kengele alimuuliza. "Kituo kikikosa wateja?"

Dada Pampu alitazama vidole vyake. "Tajiri hatapunguza chakula mezani kwake. Ataanza na sisi."

Kengele alilisikia neno hilo vizuri. Lakini mawazo yake yalishakwenda kwenye mitaa. "Mungu atasaidia," alisema, kama wasemavyo watu wasiotaka kusaidia wenyewe.

Kugawana mitaa kuliumiza. Kengele alilazimika kumwachia Mrefu duka la mjomba wake, na mjomba alinuna mwezi mzima. Lakini tangi lililokwisha kwa siku mbili sasa lilifika siku ya nne. Barua ilipelekwa kwa Tajiri. Wiki ya kwanza aliicheka. Wiki ya tatu mafundi na walimu nao wakaanza kukipita kituo chake. Wiki ya tano aliwatumia wasambazaji kreti ya soda, nao wakairudisha bila kufungua hata chupa moja. Wiki ya sita alitia sahihi, na bei kwenye kibao ikashushwa hadi ile iliyotangazwa.

Kengele alikimbia kumpasha habari Dada Pampu. Alimkuta anakunja sare yake ya kazi.

"Ameniachisha leo asubuhi," alisema. "Anasema mauzo yalianguka."

"Pole sana. Sikujua..."

"Ulijua. Niliwaambia, nawe ukanijibu Mungu atasaidia. Mlifanya haki, shemeji, na mimi ndiye niliyewafundisha. Lakini usije hapa na furaha yako."

Kengele alirudi nyumbani na aibu yake. Siku ya tatu alimpelekea jirani yake toroli, akamwachia mitaa yake mwenyewe miwili iliyo karibu na bekari. Dada Pampu aliipokea. Hakusema asante, na Kengele hakuidai.

Miezi minne baadaye bei ikatangazwa kushuka. Kibao cha Tajiri hakikubadilika. "Subirini mzigo wa zamani uishe," alisema, kana kwamba hakuwahi kutia sahihi popote.

Wasambazaji wakakutana tena.

"Tunaanza leo hii!" Mrefu alifoka.

Kengele akamgeukia Dada Pampu. "Pale wamebaki wahudumu wangapi?"

"Watatu. Mmoja ana mtoto mchanga."

"Wakifukuzwa, watakula nini?"

Mrefu alitazama chini, akakuna kisogo. Kisha akauliza, "Mtaa wangu wa bondeni una maduka tisa. Nikitoa manne, yatamtosha mtu?"

Siku hiyo hawakuanza kususia. Waliketi mpaka saa sita mchana wakigawana mitaa upya, safari hii kwa watu kumi na mmoja, wahudumu watatu wakiwemo. Kesho yake ndipo walipomwandikia Tajiri.