Kidole cha Tou Moua

Natangaza, kwa heshima zote zinazostahili na kwa sauti inayofaa kusindikizwa na tarumbeta, kwamba msimu wa tenisi wa Chuo cha Brandvold, Minnesota, ulifunguliwa rasmi Jumatatu ya pili ya Januari, saa nane mchana. Msimu ulifunguliwa. Mlango wa ukumbi haukufunguliwa. Kocha alikuwa amefungia funguo zote ndani ya gari lake, na gari lenyewe lilikuwa linaunguruma peke yake, ameliwasha lipate joto.

Basi timu mbili, ya wanawake na ya wanaume, pamoja na wazee wote wa darasa la mazoezi ya viungo, wakabaki wamebanana mlangoni kwenye theluji. Katikati ya msongamano alisimama Solveig Tostrud, mchezaji namba moja wa wanawake, koti la bluu hadi magotini na buti za baba yake. Alikuwa ametoka kuoga bila kukausha nywele, na sasa zilikuwa zimeganda, zinaning'inia kama tambi mbichi.

"Samahani, dada," sauti ilisema nyuma yake, "nikizigusa zitavunjika?"

Aligeuka. Alikuwa kijana mwembamba, kichwani kofia nyekundu ya sufu iliyofumwa na mtu anayempenda sana na asiyejua kabisa kufuma.

"Jaribu, uone kitakachovunjika."

"Basi naurudisha mkono mfukoni. Naitwa Tou Moua, nimehamia juzi kutoka Saint Paul. Mkono huu nauhitaji, nacheza tenisi."

"Namba ngapi?"

"Sita. Kocha anasema kungekuwa na saba, ningekuwa saba."

Solveig alicheka kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Kwa wiki tatu walipigiana simu kila jioni baada ya chakula, ingawa mabweni yao yalitenganishwa na hatua themanini tu.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula, ila si kama kwa mama. Jumapili, siku ya pili ya mechi za ufunguzi, anakuja kututazama. Halafu twende nyumbani wote, tukanywe supu yake ya tambi."

"Wote nani?"

"Mimi na wewe, malkia wa barafu. Nimeshamwambia."

"Umemwambia nini, wewe?"

"Kwamba unaanzisha mpira kama mtu anayepigilia bati."

Hakutia chumvi. Jumamosi asubuhi ya mechi ya kwanza, Solveig aliporusha mpira juu, watu mia mbili waliacha kutafuna. Mpira ulipanda mpaka karibu na taa, ukasimama pale kama unafikiri, kisha ukaja mlio ambao uliusikia kifuani kabla ya masikioni. Mpinzani wake hakusogea. Aliutazama ukuta wa nyuma kwa adabu, kama mtu anayetazama radi ikipita. Wanawake wa Brandvold wakashinda kabla ya chakula cha mchana.

Mchana ikawa zamu ya wanaume. Sasa, sikiliza. Katika tenisi ya vyuo hakuna mwamuzi kwa kila mstari. Mpira wa mpinzani ukidondoka upande wako, wewe mwenyewe ndiye hakimu. Ukiona umetoka, unainua kidole. Ukiwa na shaka hata chembe, mpira ni mzuri. Hukumu yote ya dunia, kwenye kidole kimoja cha mtu mwenye jasho.

Matokeo yalikuwa tatu kwa tatu, ukihesabu na alama ya mechi za wawili wawili, na uwanja uliobaki ulikuwa wa Tou, maana Tou hucheza polepole kama mtu anayechambua mchele. Pointi moja tu akamilishe. Mpinzani akapiga mpira mrefu, ukashuka karibu kabisa na mstari wa nyuma. Tou akainua kidole. Nje! Wenzake wakamwangukia kama maporomoko.

Solveig, aliyekaa nyuma ya mstari huohuo pamoja na mwenzake wa chumbani, binti fulani mwenye adabu nyingi ambaye jina lake si muhimu, hakupiga makofi. Aliamini kwamba mpira ule ulikuwa umeingia.

Jioni simu ililia.

"Mbona hukuja kunipongeza, mpenzi?"

"Mpira wa mwisho, Tou."

"Umefanyaje?"

"Uliingia."

"Unaniita mwizi, Solveig?"

"Nakuuliza."

"Hapana. Hujaniuliza."

"Mwambie mama yako asinipikie."

Akakata. Akaivua ile kofia nyekundu aliyoazimwa na Tou, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kabati, mahali pasipofikika bila kiti.

Jumapili mama yake Tou alikuja na sufuria iliyofungwa blanketi, akaiweka kwenye kiti cha pembeni yake kama mgeni wa heshima. Na tena, kama kwamba mbingu hazina mzaha mwingine, ikawa tatu kwa tatu, ikabaki Tou, ikabaki pointi moja.

Mpinzani akapiga. Mpira ukaruka juu mno, ukadondoka kule nyuma. Nje! Ukumbi mzima uliuona nje. Wenzake walishaanza kukimbia. Mpinzani mwenyewe alishafika kwenye wavu, mkono mbele, tayari kupongeza.

Tou hakuinua kidole. Alikuwa ameinama, anatazama mstari.

"Umeingia," alisema. "Umegusa. Pointi yako."

Ukumbi ulinyamaza. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile, hata kanisani. Tulisikia taa zikivuma. Mpinzani alirudi nyuma taratibu, akimtazama Tou kama mtu aliyepewa kitu kizito asijue pa kukishikia. Dakika kumi baadaye Tou alishindwa, Brandvold ikashindwa, na hakuna aliyethubutu kumlaumu.

Solveig alishuka ngazi na kusimama mbele yake.

"Mtu anayefanya hivi," alisema, "hawezi kuwa aliiba jana."

"Jana ulitoka. Uliuona kweli ukiingia?"

"Sikuuona." Akafunika uso kwa viganja, kama alivyofanya jana. "Nilijificha hivi. Niliogopa utakosa. Sikuweza kutazama."

"Sasa nani alikuambia uliingia?"

Solveig akageuka. Tou akageuka. Mama akageuka, na nadhani hata sufuria iligeuka, wote wakimtazama yule binti mwenye adabu nyingi.

Ndiyo. Ni mimi, Philippa Quist, mwaka wa kwanza, miaka minne ya shule ya bweni, mtaalamu wa kuweka chumvi kwenye bakuli za sukari. Simu zao nimezisikia kwa sababu kitanda changu ni kile cha pili. Solveig alipouliza ndani ya viganja, "Vipi? Vipi?" nilisema, "Uliingia ule," ili nione atakavyoruka. Hakuruka. Alinyamaza, nami nikaogopa kusema, na kila saa iliyopita iliufanya mdomo wangu uwe mzito zaidi.

Nilikuwa na visingizio vitatu vizuri sana. Nilipouona mstari ule mweupe, vyote vilinitoka.

Nikainua kidole.

"Nje," nikasema. "Ulikuwa nje kwa vidole vinne. Niliuona."

Mama akaniangalia muda mrefu. Kisha akaanza kulifungua lile blanketi, akahesabu bakuli: moja ya Tou, moja ya Solveig, moja yake. Akaniangalia tena.

"Na wewe," alisema, "utaosha."