Mume Wangu Aliukamata Mkono wa Mkwe Wetu, Akaunusa

Kitendawili...

Najua mmeitika "tega", hata wewe unayesoma kwa kujificha kazini.

Alipokuwa hai nilimkimbia. Amekufa, namkanyaga kutwa, na bado ananibeba. Ni nani?

Kaa nacho kwanza. Jibu litakuja, na halitatoka kwangu.

Asubuhi ile mume wangu aliukamata mkono wa mke wa mwanetu, mbele ya macho yangu. Akaupeleka puani. Akafumba macho...

"Nta wangu," akasema. "Ulikuwa wapi?"

Kikombe cha chai kikamponyoka mkwe wangu. Sikukiokota. Maana Nta ni mimi. Jina hilo alinipa mume wangu tukiwa vijana, na hakuna mwingine aliyewahi kuitwa hivyo.

Mkwe akajichomoa, akakimbilia chumbani.

Ngojeni niwaeleze. Mume wangu alikuwa fundi wa viatu na mikoba ya ngozi, nami nikimsaidia kibandani. Sasa kumbukumbu zinamtoka moja moja, kama misumari ya soli iliyochakaa. Tunaishi kwa mwanetu. Mimi ndiye ninayemlisha, mimi ndiye ninayemfunga vifungo, na kila asubuhi ananiita dada wa hospitali.

Mimi dada wa hospitali... na mkwe ndiye Nta. Iliniuma, siwafichi.

Mwanangu akatoka chumbani kwa mkewe, uso umemkunjamana.

"Mama, Jumamosi nampeleka baba kwa shangazi."

"Shangazi yako mwenyewe anashikwa mkono kwenda msalani. Atamtunza nani?"

"Sasa nifanyeje? Mke wangu anasema hawezi kuishi na baba mkwe anayemshikashika."

"Baba yako si mhuni."

"Hakuwa mhuni, mama. Huyu wa sasa hatumjui."

"Na mimi?"

"Wewe baki upumzike. Umechoka."

Nimechoka, kweli. Lakini wakimwondoa, hata yule dada wa hospitali sitakuwa tena. Nitakuwa si mtu kwake kabisa.

Nikaingia kwa mkwe. Alikuwa ameketi kitandani analia. Nikamkumbatia, na hapo harufu ikanipiga puani.

Ngozi. Ngozi iliyolowekwa, ikakaushwa, ikasuguliwa. Kibanda chetu kizima, shingoni mwa mkwe!

"Mwanangu, umejipaka nini?"

"Marashi, mama, shingoni na mikononi. Mapya. Yanaitwa ya ngozi."

"Ngozi ya nini?"

"Ngozi tu. Unanukia kama mkoba wa bei mbaya."

Jamani. Ujana wangu wote nimesugua mikono kwa limau harufu hiyo initoke. Leo inauzwa kwenye kichupa chenye mfuniko wa dhahabu.

Ndipo nikaelewa. Kule kibandani kazi yangu ilikuwa kupaka nyuzi nta, nikizisugulia kiganjani. Nikimaliza, ananiambia, "Lete mkono." Anaunusa, ngozi na nta pamoja. Nta imekolea, anashona. Haijakolea, narudia.

Hakuwa anamshikashika mkwe. Alikuwa anakagua kazi.

Nilimweleza mwanangu. Akatikisa kichwa.

"Unamtetea tu, mama."

"Basi utatazama mwenyewe."

Jumamosi ikafika. Begi la mzee lilikuwa wazi kitandani, mashati yamepangwa. Nikamwomba mkwe anipulizie yale marashi.

Kwanza baridi kiganjani. Kisha ukali kama spiriti, nikapiga chafya. Nikangoja. Ukali ukapoa, ukaja moshi kidogo, halafu ngozi yenyewe, nzito, yenye vuguvugu, kana kwamba nimevaa tena aproni yangu ya kibandani. Bibi mzima nanukia ujana wangu.

Nikampelekea mume wangu kiganja.

Akakinusa. Akaniangalia usoni. Akanusa tena... halafu akanikaba kifundo cha mkono.

"Mwizi wewe. Umeiba harufu ya mke wangu."

"Fundi, ni mimi."

"Mke wangu ni msichana. Umemfanya nini?"

Mwanangu akafunga zipu ya begi.

"Umeona sasa, mama?"

Nimewahi kuitwa mengi, wajukuu zangu. Kuitwa mwizi wa nafsi yangu mwenyewe, ilikuwa bado. Nilitaka kukaa chini nilie. Lakini katika uchungu ule nikasikia kitu: mtu huyu alikuwa ananipigania mimi, dhidi yangu.

Mkwe naye alikisikia. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Anamtafuta mama," akamwambia mumewe taratibu. "Siku zote anamtafuta mama."

Sikuwa na silaha nyingine. Nikamwambia mume wangu neno nililomwambia siku ya kwanza kabisa, nilipompelekea kiatu kilichobanduka soli.

"Kitendawili."

Vidole vyake vikalegea.

"Tega."

"Alipokuwa hai nilimkimbia. Amekufa, namkanyaga kutwa, na bado ananibeba."

Akajikuna kidevu, vilevile kama siku ile. Maana siku ile alishindwa. Fundi mzima wa ngozi ya ng'ombe, na jibu kalishika mkononi! Maisha yetu yote nimekuwa nikimuuliza kama kweli hakulijua, naye hucheka tu.

"Nimeshindwa," akasema.

"Nipe mji."

"Sina mji. Chukua kibanda, na fundi wake."

Maneno yaleyale.

Mwanangu akakaa kitandani kama mtu aliyekatwa miguu. Mkwe akalivuta begi, akafungua zipu, akaanza kutoa mashati, moja moja.

Wanangu, mkimwona mzee amepotea, msiwahi kumwita mhuni. Ulizeni kwanza anamtafuta nani. Huenda yule anayemtafuta amekaa naye meza moja, anamlisha uji.

Kesho ataniita tena dada wa hospitali, najua. Harufu ilimbishia hodi tu, na mlango ule haukai wazi. Ndiyo maana nikawahi kumuuliza lile swali langu la zamani.

"Fundi, siku ile kweli hukulijua jibu?"

Akakivuta kiganja changu puani. Akacheka kidogo.

"Kiatu," akasema. "Nilikijua, Nta. Ningejibu, ungekivaa ukaenda zako."