Siku Saba Ambazo Jacqueline Hakupima

Kila asubuhi, katika nyumba yao ya ghorofa ya tatu huko ughaibuni, mjini Adelphi, Baba Fidelis alimeza kidonge chake cha vidonda vya tumbo, akakunja uso kama mtu aliyelishwa sabuni, kisha akaenda kuendesha teksi. Mwaka huo wa 1998 binti yake Jacqueline alikuwa na miaka kumi na mitatu na majibu ya kila kitu.

Shuleni waliambiwa kila mwanafunzi afanye jaribio la sayansi. Jacqueline akachukua magome ya mti aliyoyatuma bibi yake kutoka Kilosa, yale ambayo bibi huwachemshia wenye vidonda vya tumbo. Alitaka kujua kama yanapunguza asidi. Alitia maji ya limau katika vikombe viwili. Kimoja akakiongezea maji ya magome, kingine maji matupu, akachovya karatasi za kupimia asidi. Alipaswa kurudia kwa siku kumi. Siku tatu za kwanza rangi zilikuwa zilezile katika vikombe vyote viwili. Siku ya nne kulikuwa na katuni kwenye televisheni. Basi akaketi kwenye kochi, akajaza jedwali la siku saba zilizobaki kwa dakika kumi bila kupima, na kila siku asidi ya kikombe cha magome ikapungua kwa utiifu wa ajabu.

Alipata zawadi ya mshindi wa pili. Baba alilibandika jedwali lake kwenye mlango wa friji, akampigia kila Mtanzania mwenye simu. Rafiki yake Ndirangu, Mkenya wa ghorofa ya chini, alikuja kulitazama.

"Fidelis, wewe endesha teksi tu," alisema. "Akili za hii nyumba ziko kwa huyu msichana."

Hakuna aliyejua kwamba kuanzia wiki ile Baba aliacha vidonge. Alikuwa akienda kazini na maji ya magome kwenye chupa ya chai. Wiki ya tatu alitapika damu sebuleni. Ndirangu alimbeba mpaka kwenye gari.

Hospitalini, daktari alipouliza kwa nini aliacha dawa, Baba alieleza habari za jedwali kwa sauti ndogo, bado akijivuna. Jacqueline alisimama kando ya kitanda. Angeweza kunyamaza, na siri yake isingejulikana. Yeye aliyezoea kumjibu Baba kwa Kiingereza, safari hii alisema kwa Kiswahili, polepole.

"Baba, nilipima siku tatu tu. Nyingine nilitunga."

"Na hizo tatu?"

"Magome hayakubadilisha kitu."

Baba aligeukia ukutani.

Baada ya siku tano alirudi nyumbani na vidonge vyake. Jacqueline alimweleza mwalimu ukweli, akarudisha zawadi. Jioni hiyo Baba alimwita.

"Magome ya bibi sina ugomvi nayo," alisema. "Huenda yanafaa, huenda hayafai. Hatujui, kwa sababu hukumaliza kupima. Na mimi nina kosa langu, niliacha dawa bila kumwuliza daktari. Lakini mwanangu, anayeandika alichokiona anaweza kumsaidia mgonjwa. Anayeandika anachokitaka anaweza kumzika. Nimekusamehe."

Jacqueline akashusha pumzi.

"Ila kuanzia leo," Baba akasema, "ukiniambia jambo, nitamwuliza na mtu mwingine."