Cherehani Isiyoshona

Kila jioni Kidoti alipotoka shule alivua sare, akaingia chumba cha mbele, akakaa kwenye cherehani ya baba yake na kukanyaga pedali. Hakushona kitu. Sindano haikuwa na uzi. Alitaka tu mama yake, aliyekuwa akipika upande wa pili wa ukuta, asikie mlio na kuamini kwamba baba anafanya kazi.

Baba alijilaza kwenye kochi humohumo chumbani, macho darini. Suruali za wateja zilirundikana mezani, zimekatwa, hazijaunganishwa.

"Usimwambie mama yako," alikuwa amemwomba. "Ataniona mvivu."

Mtaani walishaanza kumcheka. "Fundi Kesho yupo?" jirani alichungulia dirishani. "Mwambie nanenepa, suruali haitanitosha!"

Zamani baba angemjibu kwa utani mkali zaidi. Sasa hakugeuza hata shingo.

Kidoti alifungua redio. "Baba, timu yako inaongoza!"

"Zima, mwanangu. Nikiondoka duniani mtapumzika."

Kidoti alizima redio. Akisema, atakuwa amemsaliti baba. Asiposema je? Alikimbilia jikoni.

"Mama, anayeendesha cherehani ni mimi! Baba anasema anataka kufa!"

Mama alizima jiko. Hakupiga kelele. Alikaa kando ya mumewe, akamshika mkono. "Baba Kidoti, unafikiria kujiua?"

Baba alifunika uso, akaitikia kwa kichwa. Hawakumwacha peke yake hata kidogo. Jirani yule mtani ndiye aliyewapeleka hospitali, bila utani hata mmoja njia nzima.

"Ni ugonjwa, unaitwa sonona," daktari alisema. "Ubongo una kemikali iitwayo dopamini. Inamsaidia mtu kutamani jambo na kupata msukumo wa kulifanya. Kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona, mfumo huo haufanyi kazi vizuri. Kumwambia ajikaze ni kama kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka."

"Kwa hiyo si uvivu?" Kidoti aliuliza.

"Hata chembe. Na una matibabu."

Dawa na mazungumzo na mshauri vilichukua muda, na siku mbaya zilikuwepo. Asubuhi moja baba alimtazama mama akivaa blauzi mpya.

"Nani kakushonea kola hiyo? Imelala kama sikio la mbuzi!"

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akamgeukia Kidoti.

"Sikiliza. Siri inayokutia hofu si mzigo wa mtoto. Ilete kwa mtu mzima siku hiyohiyo, hata kama aliyekuomba uifiche unampenda. Hasa kama unampenda."